Korona Ilijulikana na Wote, Barua Iliandikwa na Nani?

  Leo nataka kukaa na watu wa mjengo. Nazungumza na mkandarasi, na fundi mwenye vijana wake watano, na mama anayejenga nyumba za kupangisha huko Mtwapa au Ukunda kwa pesa ya chama. Na wewe pia uliye Muscat au London, unayetuma pesa kila mwezi na kuonyeshwa picha za ukuta kwa simu, sogea karibu. Haya yanakuhusu.

Mada yetu ni ugomvi wa mikataba ya ujenzi wakati wa maradhi ya mlipuko. Utaniuliza: mbona leo? Korona si ilishapita? Naam, ilipita. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, na barakoa tumezisahau kwenye droo. Lakini madeni ya wakati ule bado yanadaiwa, na faini za kuchelewa bado zinabishaniwa. Tena hakuna aliyetuandikia kwamba maradhi mengine hayaji.

Nitasema jambo moja kubwa leo, na nitalirudia mpaka unichoke. Korona ilijulikana na kila mtu, na kwa sababu ilijulikana na kila mtu, watu wengi wa mjengo hawakuandika chochote. Mkandarasi alisema moyoni, nimwandikie barua ya nini mwenye nyumba, kwani yeye haoni? Kwani hana redio? Hapo ndipo alipopotelea.

Hebu turudi nyuma kidogo tukumbuke mambo yalivyokwenda, maana tarehe zina kazi yake. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 ya mwezi uleule kafyu ikaanza, saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, na siku mbili baadaye zikafungwa Mombasa, Kilifi na Kwale. Huingii, hutoki. Kilifi na Kwale zilifunguliwa mwanzoni mwa Juni. Mombasa na Nairobi zilingoja mpaka Julai. Na ujenzi wenyewe? Kwa jumla haukupigwa marufuku. Sikiliza hilo vizuri, maana ndilo lililoleta utata wote. Saiti ilikuwa wazi. Aliyekosekana ni fundi, na vigae, na saa za kufanya kazi.

Sasa tuchukue mfano. Nimeutunga, lakini mtu yeyote wa kazi hii atautambua. Mkandarasi anajenga nyumba ya ghorofa nne Kilifi. Mkataba upo, umesainiwa, una msanifu wa kuusimamia. Mafundi wake wa vigae ni vijana waliokwenda Nairobi kumaliza kazi nyingine. Aprili 8 barabara inafungwa na wao wako huko. Mkandarasi anachukua simu, anamwandikia mwenye nyumba kwa WhatsApp: “Shikamoo mama. Vijana wa vigae wamekwama Nairobi, barabara imefungwa.” Mama anajibu: “Marahaba mwanangu. Ndiyo hali, Mungu atunusuru.” Na mwisho anaweka ile mikono ya dua.

Mazungumzo mazuri ya watu wenye adabu, sivyo? Basi nyumba inachelewa miezi mitano. Siku ya hesabu ya mwisho mama anakata faini ya kuchelewa, kila wiki na pesa yake, kama mkataba unavyosema. Mkandarasi anatoa simu. “Mama, si tulikubaliana? Ujumbe huu hapa.” Na mama anasema, “Mwanangu, nilikuombea dua. Sikukuongezea siku.”

Nani ana haki hapo?

Usikimbilie kujibu. Ule ujumbe unathibitisha kitu, nao ni kwamba mama alijua mafundi wamekwama. Hilo si dogo, na mtu asifute ujumbe wa namna hiyo hata akibadilisha simu. Lakini mkataba hauulizi kama mama alijua. Mkataba unauliza: msanifu aliarifiwa kwa maandishi? Aliambiwa ni kazi ipi iliyosimama? Aliombwa siku? Na aliarifiwa lini? Kwa maswali hayo manne, ile WhatsApp haina jibu hata moja kamili. Msuluhishi mmoja anaweza kumhurumia mkandarasi, mwingine akasoma kifungu kama kilivyo na kumfungia mlango. Mimi nimekaa miaka katika ukadiriaji majenzi, na simshauri mtu aende mbele ya msuluhishi akitegemea huruma.

Katika miradi mikubwa, ya barabara na bandari, mara nyingi utakuta mikataba ya FIDIC, lile shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lenye makao yake Geneva. Kitabu chao Chekundu cha 1999 kinampa mkandarasi siku 28 kutoa taarifa ya dai lake, tangu alipolijua jambo au alipopaswa kulijua. Zikipita 28 hajaandika, amekosa muda na amekosa pesa. Toleo la 2017 nalo limeshikilia siku hizohizo 28. Sasa hesabu nami: kutoka Aprili 8, siku 28 zinaangukia Mei 6. Unakumbuka Mei 6, 2020? Ni siku ambayo Mji wa Kale hapa Mombasa ulifungwa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Watu walikuwa na hofu, wengine wanauguza, wengine wanazika bila ya matanga. Nani angekumbuka kifungu cha taarifa? Na kifungu hakikuwa na habari na hofu ya mtu.

Kwa majengo ya kawaida hapa Kenya wengi hutumia ile fomu ya mkataba ya JBC ya 1999, na kule Tanzania zipo fomu za Baraza la Taifa la Ujenzi. Kila fomu ina masharti yake ya taarifa na siku zake. Usichukue siku za jirani ukazifanya zako. Fungua mkataba wako wewe.

Sasa, barua yenyewe ingekuwaje? Si lazima iwe ya kiwakili. Mimi ningeandika hivi, na wewe unaweza kunakili:

“Kwa msanifu, nakala kwa mwenye jengo. Kuanzia Aprili 8, 2020 serikali imezuia watu kuingia na kutoka Kaunti ya Kilifi. Mafundi wetu 6 wa vigae wako Nairobi na hawawezi kufika. Kazi ya vigae ghorofa ya pili na ya tatu imesimama. Tunaendelea na lipu na mabomba kwa mafundi tulio nao. Tunatafuta mafundi wa vigae walio ndani ya kaunti. Tunaomba nyongeza ya muda kwa mujibu wa mkataba, na tutaleta hesabu ya siku kizuizi kitakapoondolewa.”

Basi. Imemaliza kila kitu. Imesema nini kimetokea, imesema kimegusa kazi ipi, na imeonyesha kwamba mkandarasi hakukaa kitako. Hilo la mwisho watu hulisahau. Ukidai umezuiwa, utaulizwa ulijaribu nini. Ikiwa Kilifi kulikuwa na mafundi wa vigae wamekaa bila kazi na wewe hukuwatafuta, utasemaje kwamba ni korona iliyokuzuia?

Tuendelee. Kuna upotevu mwingine ambao ni mgumu kuliko huu wa barabara kufungwa, nao ni wa saa. Barabara ikifungwa, kila mtu anaona siku imepotea. Lakini kafyu haikula siku nzima. Iliimega.

Fikiria siku ya kumwaga zege la slabu. Kazi ile hailali. Ukianza asubuhi unakwenda mpaka umalize, hata ikibidi kuwasha taa usiku, maana ukikata zege katikati ni lazima ukate mahali alipokubali mhandisi, la sivyo umejenga ufa. Sasa kuna kafyu saa 1 jioni. Kibarua anakaa mbali, na matatu ya watu 14 imeamriwa kubeba 8. Ili afike kwake kabla ya askari kuanza kazi, lazima aache sepetu saa 9 au saa 10. Asubuhi naye anachelewa kwa sababu ya matatu hizohizo, kisha anapanga foleni kunawa mikono. Slabu ya siku moja inakuwa ya siku mbili, tena kwa mpango mpya wa mahali pa kukata. Mashine ya kuchanganya zege imekodiwa siku mbili. Vibarua wamelipwa siku mbili.

Utalithibitishaje hilo miaka miwili baadaye? Kwa kusema “kulikuwa na kafyu”? Hapana, bwana. Kila mtu ataitika, ndiyo, kulikuwa na kafyu, kisha atakuuliza ilikugharimu wewe nini. Kinachojibu ni daftari la saiti. Nyapara aliandika nani alifika na saa ngapi? Aliandika waliondoka lini? Mifuko mingapi ya saruji ilitumika siku hiyo, na mingapi ilitumika siku kama hiyo mwezi Februari kabla ya kafyu? Ukiweka kurasa mbili za Februari kando ya kurasa mbili za Aprili, msuluhishi anaona kwa macho yake. Daftari la shilingi mia linaweza kuokoa mamilioni. Narudia kwa wewe uliyechelewa kufungua redio: korona ilijulikana na wote, lakini hasara yako ni lazima uiandike wewe.

Haya, tuje kwenye pesa, maana najua ndiko sikio lako liliko. Watu wengi huchanganya mambo mawili, kuongezewa muda na kulipwa. Ni milango miwili tofauti. Ukiongezewa muda, maana yake hukatwi faini ya kuchelewa. Haina maana kwamba mtu atakulipia mlinzi, kreni na ofisi ya saiti kwa miezi uliyokaa zaidi. Kile Kitabu Chekundu cha 1999 kinataja maradhi ya mlipuko kwa jina, pamoja na hatua za serikali, kwamba yakisababisha uhaba wa wafanyakazi au vifaa usioweza kutabirika, mkandarasi apewe muda. Muda peke yake. Pesa haikutajwa hapo.

Basi wanasheria wa makandarasi wakakuna vichwa, na hapa nawavulia kofia. Wakasema, hebu tusiangalie maradhi, tuangalie amri. Vizuizi vya kutoka na kuingia kaunti vilikuwa kanuni zilizotolewa chini ya Sheria ya Afya ya Umma na kutangazwa katika Gazeti Rasmi. Hayo ni mabadiliko ya sheria, na kifungu cha mabadiliko ya sheria katika mkataba uleule kinatoa muda na kinatoa gharama. Umeona? Zuio ni lilelile, siku ni zilezile. Ukiingia kwa mlango wa maradhi unatoka na muda, ukiingia kwa mlango wa sheria unatoka na muda na pesa.

Je, hoja hiyo ina nguvu? Kwa maoni yangu inayo, lakini nusu yake. Gharama iliyoletwa na amri yenyewe, kama kizuizi cha barabara, inadaika. Gharama iliyoletwa na vijana kuogopa kuja kazini, au kiwanda cha China kilichofungwa Januari na kukuchelewesha lifti, hiyo haikuletwa na Gazeti la Kenya. Lazima uzitenganishe, na huwezi kuzitenganisha bila lile daftari. Kisha kuna mtego mwingine: sheria inayohesabika ni ile iliyokuja baada ya bei yako kufungwa. Katika FIDIC tarehe hiyo ni siku 28 kabla ya mwisho wa kuleta zabuni. Wewe uliyeleta bei Agosti 2020, kafyu iko nje mlangoni, huwezi kuja kusema kafyu imekushtua.

“Lakini mwalimu,” ataniuliza mtu, “mambo yakibadilika kiasi hicho, mkataba si umekufa wenyewe?” Swali hili niliulizwa sana. Jibu lake lilitolewa zamani, katika mji wa Fareham, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1946, vita vimekwisha na mafundi hawapatikani, kampuni ya Davis Contractors ilikubali kulijengea baraza la mji nyumba 78 kwa miezi 8. Ilichukua miezi 22. Kampuni ikasema mkataba ulishakufa njiani kwa uhaba wa mafundi, kwa hiyo ilipwe thamani ya kazi badala ya bei ya zamani. Mwaka 1956 mahakama ya juu kabisa kule, Baraza la Mamalodi, ikakataa. Kazi kuwa ngumu zaidi na ya ghali zaidi hakuiui ahadi. Mkataba hufa pale jambo lililoahidiwa linapogeuka kuwa jambo jingine kabisa. Hukumu hiyo ina uzito kwetu, kwa kuwa sheria ya mikataba ya Kenya imejengwa juu ya ile ya Kiingereza. Tanzania wana kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba, kuhusu jambo lililogeuka kuwa lisilowezekana, nacho kinasema lisilowezekana, hakisemi lenye hasara.

Nisije nikaonekana namsakama mkandarasi tu. Mwenye jengo naye ana yake. Wako waliosema, “Biashara imefungwa, hoteli haina mgeni, nitalipa hati hii korona ikiisha.” Wapi! FIDIC inasema wazi kwamba janga halimwondolei mtu wajibu wa kulipa. Mkandarasi akizuiwa na barabara, miguu yake imezuiwa kweli. Lakini mwenye jengo hakuzuiwa kulipa: benki zilikuwa wazi, na simu ya kutumia M-Pesa ilikuwa mkononi. Hati ya malipo iliyosainiwa na msanifu ni deni, na kuichelewesha ndiko kulikowaua makandarasi wadogo wengi kuliko vigae vilivyokwama. Wako pia makandarasi waliokuwa wameshachelewa tangu mwaka 2019, wakaipokea korona kama mkombozi. Nao waulizwe: kufikia Machi 13, 2020 kazi yako ilikuwa imefika wapi?

Kule Singapore bunge halikuwaachia watu hawa wagombane mmoja mmoja. Lilipitisha sheria ya hatua za muda mwaka 2020, na baadaye mikataba ya ujenzi iliyohusika ikaongezewa siku 122 kwa mkupuo, toka Aprili 7 mpaka Agosti 6. Baadhi ya gharama za kuchelewa wakaambiwa wagawane nusu kwa nusu, kwa kiwango chenye kikomo. Mimi naona hiyo ndiyo busara. Msululu mzima wa kesi ulikatwa kwa kifungu kimoja. Sisi hatukupata sheria ya namna hiyo, kila mtu akabaki na mkataba wake na jirani yake, na nadhani wabunge wetu wangeiandaa sasa, kabla ya siku ya kuihitaji.

Kwa kuwa haipo, ule mgawo wa nusu kwa nusu mnaweza kuufanya wenyewe, wewe na mama mwenye nyumba, mbele ya mpatanishi. Na nakwambia, mezani pa upatanishi watu hawagombani sana kuhusu korona. Wanagombana kuhusu siku. Ukija na siku zilizohesabiwa, na yeye akaja na hati ambazo hakulipa, nusu ya ugomvi imeisha kabla ya chai. Mkishindwa, yupo msuluhishi, na baada yake mahakama. Tangu mwaka ule usuluhishi na kesi husikilizwa kwa video, kwa hiyo umbali si kisingizio tena.

Na hapa, msikilizaji, nakuomba uchukue kalamu. Kenya, dai la kuvunjwa mkataba lina miaka 6 ya kufunguliwa. Tanzania pia ni miaka 6. Dai lililozaliwa Juni 2020 miaka yake inakatika Juni 2026. Usisubiri mazungumzo ya “tutaangalia” yakakumalizia muda. Usiku huu, kabla hujalala, toa mkataba wako ulipouficha, tafuta kifungu cha taarifa na tarehe uliyodaiwa au uliyonyimwa malipo, uviandike kwenye karatasi moja, na kesho umpelekee wakili au mkadiriaji wako.